Kano ya kisigino imeshonwa, naomba ushauri

Wenzangu, nina miaka 48, naishi Likoni, Mombasa. Nilikuwa naruka kamba jimu, nikasikia "pa!" nyuma ya mguu. Nikageuka nimtazame aliyenipiga teke, hapana mtu. Kumbe kano ya kisigino imekatika.

Nilipasuliwa, sasa ni wiki ya 9. Daktari ameniruhusu kukanyaga nikiwa na buti maalumu, lakini ule mteremko wa feri maji yakipwa, wallahi ni mtihani, na watu nyuma wanasukuma. Mama anataka nikandwe kwa mafuta ya nazi ya moto. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeninyoosha viungo kakataza kabisa.

Mliopitia haya baada ya miaka 40, mlirudi kukimbia baada ya muda gani? Na kutembea mchangani pale ufukwe wa Shelly, ningoje kwanza?