Kamera ya video ya kazi za harusi Pemba kwa shilingi milioni 3.5

Mrekodi wa Wete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunarekodi harusi hapa Wete. Yeye huenda msikitini kwenye nikaha, nami huingia ukumbini kwa wanawake. Kamera yetu ni ndogo ya nyumbani, na mwezi uliopita ilitutia aibu: bwana harusi alipojibu "nimekubali", kilichosikika kwenye video ni feni ya dari tu. Mama yake alikirudia kipande kile mara tatu mbele yangu, ametega sikio, nami nikakosa la kumwambia. Sasa tumekusanya shilingi milioni 3.5. Mwenye duka mmoja Unguja ananishauri ninunue kamera mpya ya picha, ya aina isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), inayorekodi 4K, yaani picha kali kuliko HD, na inayokuja na lenzi moja. Na kuna mtu Dar es Salaam anauza Sony HXR-NX100 iliyokwishatumika. Naomba ushauri wa waliokwishazitumia kazini.

Mpiga Video wa Ng'ambo:
Waalaykumu salaam dada yangu. Kilichokuangusha ni sauti, basi anza na sauti. NX100 ina soketi mbili za XLR, zile pana za maikrofoni za kitaalamu, kwa hivyo maikrofoni iliyo mbele ya sheikh unaiingiza njia ya kwanza na waya wa miksa njia ya pili, kila moja ukaipandisha au kuishusha peke yake wakati shughuli inaendelea. Kamera nyingi za picha zina tundu dogo la milimita 3.5 tu. Tena baadhi yake huacha kurekodi zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru wa kamera ya video kwa kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi. Ukisahau, bi harusi ataingia ukumbini kamera imelala.

Ni kweli NX100 haina 4K, inaishia HD. Kwa kazi yako sioni hasara. Kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 22, hivyo kadi ya GB 64 inakaribia saa tatu. 4K ya megabiti 100 hula mara mbili ya hapo, na kompyuta ya kuihariria nayo ina bei yake.

Mhariri wa Chake:
Kwa sauti nakubaliana na mwenzangu, ila ukumbi wa usiku wenye taa hafifu ni jambo jengine. Sensa ya NX100, yaani kile kipokea mwanga cha ndani, ni ya inchi 1, na lenzi yake huanzia f/2.8 (namba hii ikikua, mwanga unaoingia hupungua) lakini ukivuta zumu hadi mwisho wa mara 12 hushuka hadi f/4.5, kwa hivyo msogelee bi harusi kwa miguu badala ya kuvuta. Sensa ya kamera ya picha ni kubwa zaidi, lakini lenzi inayouzwa nayo mara nyingi hufikia f/5.6 ukivuta, na sehemu ya faida ile hupotea; lenzi angavu hununuliwa peke yake. Yoyote utakayochukua, umeme wetu ni wa hezi 50, basi rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, ama sivyo taa zitaonekana zinapepesa.

Fundi wa Mkoani:
Bibi yangu, usitume pesa kabla kamera haijashikwa na mtu wako. Mwambie amulike tochi ndani ya lenzi kwa upande: akiona nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na kwa unyevu wa pwani yetu hautaacha kutambaa. Achomeke maikrofoni kwenye soketi zote mbili, aitikise waya kidogo huku anasikiliza kwa hedifoni. Ikikwaruza, huenda soketi imekufa. Arekodi dakika 40 mfululizo katika kila tundu la kadi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, iache.

Wala usiimalize milioni 3.5 kwenye kamera. Bakisha ya betri mbili kubwa, maikrofoni ya kubana kanzuni, hedifoni, na sanduku linalofunga vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Siku ya nikaha mdogo wako aivae hedifoni hiyo tangu khutba inapoanza, asiivue mpaka bwana harusi ameshajibu.