Silinda ya breki inavuja: nibadilishe raba tu, ninunue mpya, au nichukue ya mtumba?

Dramu_Nyuma
Wakuu, habari za jioni. Nina gari la zamani lililolala muda mrefu, nalifufua mwenyewe nyumbani kidogo kidogo hadi lipite ukaguzi. Injini inawaka. Shida ni breki: pedali inazama, na tairi la nyuma lina mafuta kwa ndani. Nimefungua dramu, silinda inayosukuma brekishuu ndiyo inayovuja. Naona njia tatu: kununua raba tu na kuzivisha kwenye silinda ileile, kununua silinda mpya isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari, au kuchukua ya mtumba ambayo ni ya kiwandani kabisa. Nataka kununua wiki hii. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

SpanaKumi
Gari gani? Limelala miezi au miaka? Silinda ni ya chuma au alumini? Inavuja upande mmoja au zote mbili? Umeficha kila kitu halafu unataka jibu.

MamaJeki
Raba tu, mdogo wangu. Chomoa pistoni, futa ndani kwa kitambaa safi, pitisha kidole. Kukiwa laini, weka raba mpya na endelea na maisha. Watu wanatupa silinda nzima kwa sababu ya kipande cha mpira.

SpanaKumi
Dada, kidole hakitoshi, tumia tochi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na gari likilala, maji yanakaa sehemu moja yanakula chuma. Ukiona vishimo vya kutu, raba mpya itavuja tena. Na kama ni alumini, usiisugue kwa msasa, utaondoa ngozi ngumu ya juu na hapo umeiua. Mimi nasema mpya, tena pande zote mbili. Breki za kulia na kushoto zisipolingana, gari litavuta upande ukikanyaga.

Chuma_Chakavu
Mpya zisizo za kampuni sizitaki hata bure. Chukua mtumba wa kiwandani, chuma cha zamani hakina mchezo.

MamaJeki
Mtumba wa breki, kaka? Raba iliyomo ndani ina umri uleule wa gari lililovunjwa. Utanunua silinda, kisha utanunua na raba. Afadhali angebaki na yake.

Pikapu_ya_Shemeji
Kabla hujanunua chochote soma hii. Shemeji yangu alikuwa na pikapu iliyolala kama gari lako. Mafuta ya breki yalipopungua, gereji moja ikamjazia oili ya stelingi. Mwanzoni breki zilishika vizuri tu. Baadaye pedali ikawa ngumu, inakaa juu, gari zito hata kwenye mteremko, rimu za moto huwezi kuzigusa. Akilipumzisha linaachia, akitembea linabana tena. Fundi wa kwanza akalaumu hendibreki, akailegeza. Wa pili akabadilisha brekishuu, wiki haikuisha zikanuka kuungua. Wa tatu ndiye aliyefungua masta silinda, ile inayosukumwa na pedali: raba zimevimba, hazirudi nyuma, zimeziba kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kikopo. Presha inabaki kwenye mabomba, breki haziachii. Ilibidi abadilishe kila chenye mpira, masta, silinda zote, hozi zote, na mabomba yakaoshwa.

Chukua tone la mafuta kwenye kikopo chako, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika, oili inaelea. Ikielea, hizo njia tatu zako zisahau.

Fundi_Mstaafu
Mafuta ya breki aina ya DOT 5, ya silikoni, nayo hayachanganyiki na maji. Usimtishe mtoto wa watu bure.

Pikapu_ya_Shemeji
Shikamoo mzee. Ni kweli, lakini magari mangapi ya kawaida yana DOT 5? Nyingi ni 3 au 4.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Ni machache, ila anayenunua gari la mtu hajui mwenzake alitia nini. Na wapo wanaochanganya DOT 5 na DOT 5.1 wakidhani ni ndugu. 5.1 ni ya familia ya 3 na 4, 5 haichanganywi nazo.

Dramu_Nyuma
Asanteni. Limelala zaidi ya miaka mitatu. Silinda za chuma, inavuja ya kushoto tu. Tone limechanganyika na maji, ila mafuta yenyewe ni ya kahawia kama chai ya rangi.

SpanaKumi
Basi mwaga yote. Na ukitoa upepo kwenye mabomba ya breki usikanyage pedali hadi chini, weka kipande cha mbao chini yake. Pistoni ya masta ikifika sehemu isiyoizoea, yenye kutu, inachana raba, na hapo utakuwa na uvujaji wa pili. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta.

Chuma_Chakavu
Sio magari yote. Mengine breki zimegawanywa kimshazari, utaratibu ni mwingine. Asome kitabu cha gari.

SpanaKumi
Nani ana kitabu cha gari la umri huo?

MamaJeki
Mimi ninacho. Jamani, mnabishana upepo na hamjamuuliza gari limekaa juu ya nini! Jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Na usipulize vumbi la dramu kwa kompresa, brekishuu za zamani zilikuwa na asbesto. Loweka, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Fundi_Mstaafu
Angalia na tairi. Zina tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekufa kwa umri.

Dramu_Nyuma
Zangu zinasoma 4109. Zina kashata kabisa, mzee. Haziwezi kupita?

Chuma_Chakavu
Mwache kwanza amalize breki. Mimi bado nasema mtumba.

MamaJeki
Huyu kaka!

Pikapu_ya_Shemeji
Na petroli iliyomo tangini ni ya lini?