Naomba ushauri: nataka kukusanya historia ya stesheni ya zamani ya Pugu

Wakuu, habari zenu. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar hadi Morogoro mwaka 2024, kila mtu anaizungumzia hiyo. Mimi moyo wangu uko kwenye reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja kati ya vyuma vyake viwili, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914.

Hapa jirani kuna mzee mstaafu wa reli. Ukimkalisha barazani anakuonyesha kwa mkono jinsi bendera ya kijani ilivyonyooshwa, kimya, hadi behewa la mwisho lipite. Umri umekwenda, na naumia nikifikiri ataondoka na hayo yote.

Naombeni msaada. Nimrekodi kwa simu tu, au kuna utaratibu wa kumwandikisha ridhaa yake kwanza? Nyaraka za Taifa pale Upanga, mtu wa kawaida anaombaje kuona mafaili ya enzi ya Mjerumani? Na kama yupo anayesoma ule mwandiko wao wa kale, tafadhali ajitokeze. Picha za familia zilizopigwa stesheni nazo nazipokea kwa mikono miwili.