Wakuu, watazamaji wanamchukia Eugenia. Nipunguze maneno yake?

Pazia_Jekundu:
Habari za humu, wakuu. Kikundi chetu kinafanya mazoezi ya Gl'innamorati, komedi ya Carlo Goldoni ya mwaka 1759. Kwa msioijua: tuko Milan, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye majigambo. Eugenia na Fulgenzio wanapendana kufa, ila hawamalizi dakika tano bila kununiana. Kisa ni Clorinda, shemeji yake Fulgenzio. Mumewe amesafiri, akamwachia ndugu yake amwangalie mke, na Eugenia hataki hata kulisikia jina hilo.

Juzi tulialika watu wachache waje kututazama. Mwanzoni walicheka, baadaye wakaanza kuguna, mwisho mmoja akauliza kwa sauti huyu kaka anang'ang'ania nini hapa. Naombeni ushauri.

mtu_wa_pwani:
Usikate hata mstari. Kwanza, Clorinda wenu mmemvalishaje? Kama anarembua macho, mchezo mmeuua wenyewe. Eugenia akiwa na sababu ya kweli, hiyo si komedi tena. Clorinda awe mke wa mtu, katulia, na anaona aibu kuwa chanzo cha ugomvi wa watu.

Kisirani99:
Waachane tu. Mwanamke wa kukuhoji kila ukiingia mlangoni wa nini? Funga pazia watu wakalale.

shangazi_wa_jukwaani:
Kisirani, umemwona Eugenia peke yake, ndiyo shida ya hao watazamaji pia. Mtazameni Fulgenzio. Anataka aaminiwe bila maswali kwa habari ya shemeji yake, lakini Count Roberto, yule mgeni mwenye cheo anayemtaka Eugenia, akionekana karibu naye, damu inamchemka. Mwanamke wivu wake anausema, kwa hiyo lawama zote zinamwangukia. Mwanamume wa kwake anausitiri nyuma ya wajibu kwa ndugu yake. Ubinafsi ni uleule: kila mmoja anadai kwa mwenzake kitu ambacho yeye hatoi.

Pazia, mwambie kijana wako aache kucheza kama mtakatifu. Akibembelezwa asikubali haraka. Aonekane anafurahia kubembelezwa.

Halafu kuna suala la pesa, na hapa ndipo watu watamwonea Eugenia huruma. Yule mzee mwenye nyumba, Fabrizio, mjomba wake Eugenia, kwake kila picha ukutani ni kazi ya bingwa na kila mgeni ni mtu mkubwa, kumbe nyumba imefilisika. Kule enzi hizo mahari ilitoka upande wa bibi harusi. Binti asiye na mahari akimpoteza mchumba, wa pili atamtoa wapi? Utani wa mjomba usiifunike hofu hiyo.

Pazia_Jekundu:
Shukrani sana shangazi. Na mwisho je? Eugenia anamkubalia Roberto kwa hasira tu, mara kaka yake Fulgenzio anarudi safari, Clorinda anapata mwenyewe, wapenzi wanapatana. Watu wanaona ni ghafla mno.

mtu_wa_pwani:
Ghafla ndiyo dawa yake. Kwenye komedi za Italia za kabla yake, wapenzi walikuwa wakimwaga maneno ya mapambo waliyoyakariri. Goldoni akaleta watu wanaosema kama tunavyosema nyumbani, na mwenyewe alieleza kwamba mfano wa hawa wawili aliuona Roma. Basi wapatane kwa kasi ileile wanayogombana nayo. Usiwape muziki wala taa za kimahaba. Na Flaminia, yule dada mjane wa Eugenia anayewasuluhisha kutwa, msimamishe nyuma yao, asitabasamu.

Kisirani99:
Sasa Clorinda akishaondoka watagombania nini?

shangazi_wa_jukwaani:
Hawakosi. Hata chumvi kwenye mchuzi inatosha.

Pazia_Jekundu:
Nimemsomea Fulgenzio wetu ushauri wa shangazi. Amenuna.