Yoga peke yangu chumbani: niendelee na video au nitafute mwalimu?

Mkeka Mmoja:
Wakuu, habari za humu. Nina miezi 4 nafanya yoga kwa kufuata video, dakika 30 kila alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mgongo uliokuwa unanitesa kwa kukaa kutwa kwenye kiti umetulia, na usingizi umerudi. Ila vifundo vya mikono vinauma nikiwa kwenye mkao wa mbwa anayetazama chini (viganja na nyayo chini, makalio juu, mwili kama pembetatu). Halafu wiki ya 3 sasa kuna kitu kinachoma chini ya tako la kushoto, pale pale kwenye mfupa wa kukalia, hasa nikiinama kugusa vidole vya miguu. Nilidhani ni msuli unalegea, nikazidi kuvuta. Wapi! Mwalimu naona ni gharama, na kusema kweli naona haya kubinuka mbele ya mtu. Mnanishaurije?

Kobe Mzee:
Mwalimu wa nini? Mimi mwaka wa 6 huu, sijamlipa mtu. Chagua video moja ya wanaoanza, irudie mwezi mzima mpaka uishike kichwani. Wengi kila siku wana video mpya, matokeo yake mwili uko kwenye mkao na shingo imepinda kukodolea simu.

Pumzi Ndefu:
Mimi nafundisha, kwa hiyo mnaweza kusema navutia kwangu. Mkeka Mmoja, acha kuvuta hilo tako kuanzia leo. Hapo ndipo kano za misuli ya nyuma ya paja zinaposhikia mfupa, na kano iliyochokozeka ukizidi kuivuta unaichokoza tena. Kila unapoinama kunja magoti, hata kama aliye kwenye video kanyoosha miguu kama rula. Ikichukua miezi, ichukue. Ukianza kuhisi ganzi inashuka mguuni, hiyo si kazi ya mwalimu wa yoga, nenda kwa daktari.

Mikono nayo: tawanya vidole, kandamiza mkeka kwa shina la kidole gumba na la kidole cha shahada, uzito usilalie kwenye kifundo. Kunja magoti, peleka makalio juu na nyuma ili miguu ibebe sehemu yake. Ikigoma, tumia viwiko badala ya viganja.

Na jirekodi kwa simu, ikae ubavuni mwako. Video unaiona wewe, yenyewe haikuoni.

Goti Bovu:
Mimi nilisimama kwa kichwa kwa kufuata video. Nikashuka na mlango wa kabati. Shingo haikugeuka wiki 2, kazini nikawa nageuka mwili mzima kama roboti. Wenye presha ya kupanda au glakoma (ule ugonjwa wa presha ya macho) msijaribu kabisa.

Kobe Mzee:
Kichwa hata mimi sisimami. Hapo sibishi.

Pumzi Ndefu:
Gharama: si lazima uje kila wiki. Masomo 2 au 3 ya peke yako, hata kwa video ya moja kwa moja kamera ikiwa imewashwa, kisha unarudi chumbani kwako. Mwalimu asiyeuliza una maumivu gani kabla ya kuanza, achana naye. Anayekukandamiza mgongo ili ushuke zaidi bila kukuuliza, kimbia. Cheti cha mafunzo ya saa 200 ndicho cha kuanzia kwa walimu wengi, lakini hakikuambii kama mtu ana jicho.

Mkeka Mmoja:
Nimejirekodi. Jamani! Nilijua natengeneza pembetatu, kumbe mgongo umebinuka kama gamba la kobe (samahani Kobe Mzee) na mabega yako masikioni. Nimekunja magoti na mikono ikapata nafuu siku ile ile. Tako bado. Nimepanga somo moja Jumamosi, kwa kamera. Je, nimwambie habari za tako au nimwache alione mwenyewe?

Pumzi Ndefu:
Mwambie kabla hujatandika mkeka.