Iguana jike amegoma kula, kutwa anachimba. Naombeni ushauri

Tawi_la_Juu: Wakuu, nina iguana wa kijani (mjusi mkubwa wa kufugwa), jike, miaka 4. Leo siku ya nane hagusi majani, hata maua ya haibiskasi anayoyapenda kuliko kitu kingine. Kutwa yuko chini anaparua sakafu ya kizimba, na huyu alizoea kushinda juu kabisa. Tumbo limetuna. Dume hajawahi kumwona. Usingizi sina. Anaumwa nini?

Magamba: Pole sana mkuu. Hapo ana mayai. Jike aliyekomaa hutaga hata bila dume, ila hayataanguliwa. Kula anaacha kwa sababu mayai yamebana tumbo. Maji tu yasikose.

Jicho_la_Tatu: Naongezea. Kwao, kuanzia Mexico hadi Brazili, mjusi huyu huishi mitini, na jike hulazimika kushuka akitaka kutaga. Panama, kwenye Ziwa Gatun, kuna kijisiwa cha Slothia ambako majike huogelea hadi huko wakati wa kiangazi. Huchimba mashimo ya kuingia mwili mzima na kugombania nafasi, maana penye udongo wazi unaopigwa jua ni pachache. Hutaga mayai 20 hadi 70, hufukia, basi, kulea hakuna. Miezi 3 hivi baadaye watoto hujifukua wenyewe. Wako anatafuta udongo, na kizimbani haupo.

Tawi_la_Juu: Kumbe! Nimpe udongo gani?

Magamba: Sanduku kubwa lenye kifuniko na tundu la kupita. Changanya mchanga na udongo, lowesha mpaka ukiufinya ushikane, kina kiweze kumfunika. Ndani kuwe giza na joto. Usimchungulie kila saa, akishtuka anaacha.

Mtibamijusi: Muhimu zaidi: maganda hula kalsiamu nyingi, na isipotosha mwili huichota mifupani. Hakikisha taa ya miali ya urujuanimno (UV), inayomsaidia kutumia kalsiamu, bado ina nguvu. Akiwa macho na anatembea, subiri. Akilegea, vidole vikitetemeka, au akitoa mayai machache kisha akakwama, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Yakikwama huua.

Tawi_la_Juu: Nimeweka jana jioni. Asubuhi hii nimekuta mayai 34! Amekonda mno, lakini amerudi tawini na amekunywa maji. Asanteni sana, nimelia.

Mtibamijusi: Hongera. Mpapase tumbo taratibu, uhakikishe hakuna lililobaki.