MJADALA: REACH ya Ulaya inatukomoa, au sisi ndo hatujui namba ya usajili iwe ya nani?

Wakuu salaam. Kuna hoja inazunguka kwenye magrupu ya wafanyabiashara kwamba REACH, ile sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, imetungwa kutukomoa, yaani wazungu wameona ushuru hautoshi sasa wanatuzuia kwa makaratasi. Mimi nakataa, ila msidhani naitetea Ulaya, nifuateni taratibu.

Sheria yenyewe ilianza kazi Juni 2007, inasimamiwa na ECHA, wakala wa kemikali wa Umoja wa Ulaya, pale Helsinki. Ukitengeneza au kuingiza kemikali Ulaya kuanzia tani 1 kwa mwaka unaisajili na unaleta data za usalama wake, huna data huna soko. Kabla ya hapo kulikuwa na kemikali zaidi ya 100,000 kwenye orodha yao ya zamani na nyingi hakuna aliyezichunguza vizuri. Na waliopiga kelele kwanza sio sisi, mwaka 2003 viongozi wa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wa wakati huo, Blair, Chirac na Schröder, waliandika barua ya pamoja wakilalamika itaumiza viwanda vyao. Kwahiyo habari ya kukomolewa peke yetu hapana.

Sasa mtu akisikia kemikali anawaza asidi, kumbe hata mafuta ya makonyo ya Pemba, yale ya vikonyo vya karafuu, yamo. Vitu vya asili vina msamaha, na kukamua kwa mvuke bado kunahesabika ni asili, lakini msamaha ni kwa vile visivyo na hatari, na mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, kemikali ambayo inaweza kuleta mzio wa ngozi, basi msamaha umeyeyuka. Yakienda kwenye chakula usajili hauhusu, yakienda kwenye sabuni na manukato yanahesabiwa.

Utasikia "mimi nauza mapipa mawili tu, tani sifiki". Mkuu tani haihesabiwi kwako, inahesabiwa kwa anayeingiza mzigo, na yeye anajumlisha yako na ya Indonesia kama ni mafuta ya aina hiyo hiyo, na mapipa matano ya lita 200 tayari ni tani.

Hapa ndo kwenye hoja yangu. Namba ya usajili inaanza na 01 na tarakimu nne za mwisho zinamtambulisha aliyesajili. Kama aliyesajili ni mnunuzi wako wa Hamburg basi namba ni yake, siku mkishindwana bei unaondoka na mapipa yako bila namba, na mnunuzi mpya itabidi asajili yeye mwenyewe kwanza, ataangalia gharama atakwambia asante. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mzalishaji aliye nje ya Ulaya kuteua mwakilishi pekee aliyeko ndani, anasajili kwa niaba yake, halafu wanunuzi wa mzigo huo wanahesabika watumiaji tu, hawasajili wao, unamuuzia yeyote. Ila ni mzalishaji, sio dalali. Mzigo ukishanunuliwa na mtu wa Dubai akauza yeye, hana haki ya kuteua mwakilishi huyo, na sisi tunapenda sana kuuzia Dubai.

Kwahiyo wenye mitambo ya kukamulia, kuanzia kiwanda cha makonyo cha Wawi kilicho chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mpaka vikundi vidogo vyenye mtambo wao, ndo wangepaswa kuwa na namba. Ada ya ECHA kwa kampuni ndogo inapunguzwa sana na wanaangalia ukubwa wa mzalishaji, sio wa mwakilishi. Kinachouma ni ile barua ya kuruhusiwa kutumia data za waliotangulia kusajili, vipimo vya maabara, na mwakilishi mwenyewe ambaye hafanyi kazi bure.

Na tahadhari, akija mtu kukuuzia "cheti cha REACH cha ECHA" mfukuze, ECHA haitoi vyeti. Kuna wengine wananakili namba kutoka kwenye SDS (karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali) ya kampuni nyingine wanabandika kwenye yao, mnunuzi makini anakagua anakuta jina sio lako.

NAONGEZEA baada ya kusoma majibu: aliyesema Ulaya ni wanafiki kwa sababu viwanda vyao bado vinatuuzia viuatilifu walivyopiga marufuku kwao, hapo sina ubishi, ni kweli na inakera, ila huo ni mjadala wa sheria zetu za kuingiza mizigo, kwanini tunavipokea? Na aliyeuliza Uingereza, tangu 2021 wana REACH yao peke yao, namba ya Ulaya kule haikusaidii, ni kulipa mara mbili, na hapo ndo naanza kuwaelewa mnaolalamika.

Kama kuna mtu humu alishalipia barua ya data ya mafuta yoyote ya mimea aweke bei aliyotozwa, maana kila mshauri anataja ya kwake.